Kujenga na Kutunza

Msomaji, ni nadra kumpata kijana aliyepita katika shule za Kenya ambaye hakupata kuandikishwa insha juu ya methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii husomeshwa, huandikwa ubaoni, hutahiniwa, na anayeieleza vema hupewa alama nyingi. Waliopewa alama hizo zamani sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni makarani, wahandisi, wawakilishi wa wadi na magavana. Ingetazamiwa kwamba nchi ambayo wakubwa wake waliijua methali hii tangu utoto ingekuwa nchi isiyokuwa na nyufa. Mambo hayakuwa hivyo. Nyufa zimejaa, kuta zaanguka, na kila ukuta uangukao hujengwa upya kwa fedha zako na zangu.

Madai yangu katika insha hii ni machache, nami nitayasema wazi tangu mwanzo ili ukitaka kuyapinga ujue mahali pa kuanzia. Nasema kwamba tumezoea kuzipima serikali zetu za mahali kwa kipimo kibovu. Twazisifu kwa vitu zinavyovifungua leo, wala hatuziulizi habari za vitu zilivyovifungua jana. Kwa kuwa sifa humwendea mjenzi, kila kiongozi ataka kujenga. Na kwa kuwa mtunzaji hapewi hata asante, hapana atakaye kutunza. Hasara ya desturi hii ni kubwa, nayo huwaangukia wanyonge kwanza.

Na tutazame kazi ya serikali ya mahali ni nini. Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47, na katika Jedwali lake la Nne ikazipa kaunti hizo kazi zake: barabara za kaunti na taa za barabarani, maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji wa taka, masoko, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ukiichungua orodha hii utaona kwamba ndani yake hamna jambo la fahari. Hamna jeshi, hamna mabalozi, hamna bendera. Lakini tangu uamkapo hata ulalapo, vitu hivi ndivyo uvitumiavyo. Maji unayonawia uso, njia unayopita kwenda shuleni, soko ambamo mama yako huuza mboga, zahanati ambamo ndugu yako mdogo huchanjwa, taa inayokumulikia usiku: hivyo vyote ni amana iliyo mikononi mwa serikali ya mahali. Serikali kuu yaweza kukosea ukakaa miezi mingi usijue. Serikali ya mahali ikikosea utajua siku hiyo hiyo, maana mfereji utakuwa mkavu.

Sasa fikiri siku ya kufungua mradi. Hema hupigwa, viti hupangwa, vikundi vya ngoma huitwa, na wanafunzi wa shule iliyo karibu hutolewa darasani kuja kuimba. Mheshimiwa hufika kwa kuchelewa, hukata utepe, huvuta pazia dogo, na jina lake huonekana limechorwa juu ya kibao cha marumaru. Watu hupiga makofi. Hayo yote si mabaya. Furaha ya kupata maji baada ya kiu ya miaka mingi ni furaha ya haki. Lakini kisome kile kibao. Kimemtaja aliyefungua, na tarehe ya kufungua. Hakikumtaja atakayetengeneza siku kitu kitakapoharibika, wala hakikusema fedha za kutengenezea zitatoka wapi. Kibao hicho ni kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye hapana aliyekubali kumlea.

Miaka mitatu baadaye pita tena mahali kama hapo. Aghalabu utaikuta ile taa ndefu ambayo watu waliiita "mulika mwizi" imezimika, haimmuliki mwizi wala mwenyeji. Utakikuta choo cha soko kimetiwa kufuli, na wauzaji wakihangaika. Utaukuta mfereji ukifunguliwa watoa upepo. Kibao ndicho kilichobaki kizima, kwa kuwa marumaru haichakai upesi.

Huenda ukasema kwamba vitu vyote huchakaa, na hilo ni kweli. Basi na tujifunze jinsi vinavyochakaa, maana ujinga wa jambo hili ndio mama wa hasara. Chukua barabara ya changarawe. Fundi aliyeijenga vizuri aliiinua katikati, akaiteremsha pande zote mbili, akachimba mitaro kandokando, na penye bonde akatia kalvati ili maji yapite chini. Magari huichakaza, lakini adui wake mkubwa zaidi ni maji yasiyokuwa na njia. Mwaka wa kwanza majani huota katika mtaro. Kuyaondoa ni kazi ya mtu mmoja mwenye jembe na panga. Asipotumwa mtu, udongo hukamatwa na yale majani, mtaro hujaa, na mvua inayofuata hutafuta njia nyingine, nayo huiona barabarani. Maji yakituama, udongo hulainika. Gari likipita huchimba mifuo. Maji huifuata mifuo na kuifanya vijito. Changarawe huchukuliwa mpaka bondeni. Kalvati huziba, na siku ya mvua kubwa maji hupita juu yake na kulibeba pamoja na barabara. Hapo jembe halifai tena. Yatakiwa greda, malori ya changarawe, mhandisi, zabuni, mkandarasi, na miezi ya kungoja. Kazi ambayo ingetaka ujira wa siku chache imekuwa mradi wa mamilioni. Na mradi huo nao utakuwa na utepe wake, na wa kuukata yuko tayari.

Hesabu ya hasara hii imekwisha kufanywa na wenye kujua. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilieleza kwamba kama Afrika ingetumia dola bilioni 12 kuzitunza barabara zake kwa wakati, katika muda wa miaka kumi iliyotangulia, ingejiepusha na gharama ya dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Yaani kila shilingi moja iliyonyimwa ufa ilidaiwa karibu shilingi nne na ukuta. Hapana mfanyabiashara wa soko hata mmoja, ajapokuwa hakupata kusoma, ambaye angekubali biashara ya namna hiyo kwa fedha zake mwenyewe. Twaikubali kwa fedha za umma kwa sababu hatuzioni zikitoka.

Wala hasara si ya fedha peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, katika masika yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, gharika ilishuka karibu na Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, ikabeba nyumba na kuua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu handaki la kuyapitisha chini ya reli lilikuwa limezibwa na vifusi, hata tuta likashindwa kuyazuia. Njia ile ilikuwa ya reli, si ya kaunti, na mvua ya mwaka ule ilipita kiasi, simhukumu mtu. Nachukua funzo tu. Tundu lililoziba ni jambo dogo kwa miaka mingi, na kwa usiku mmoja huwa jambo kubwa kuliko yote. Kila kaunti inayo matundu kama hayo, chini ya barabara, kandokando ya masoko, nyuma ya shule. Ni nani anayeyahesabu?

Tuyaache maji ya mvua, tuyatazame maji ya kunywa. Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji imekuwa ikieleza, taarifa baada ya taarifa, kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotolewa na mashirika ya maji nchini hayaleti malipo yoyote. Hupotea kwa mabomba yanayovuja, kwa mita mbovu, na kwa wizi. Fikiri mama ateke ndoo kumi kisimani, na kabla hajafika nyumbani ndoo nne zimemwagika. Je, dawa yake ni kumchimbia kisima cha pili, au kuziziba ndoo zake? Hata mtoto mdogo atajibu. Lakini mji ukikosa maji, mazungumzo yetu ya kwanza huwa juu ya bwawa jipya na bomba jipya. Bwawa hufunguliwa kwa shangwe. Mtu aliyeshinda siku nzima shimoni akiunga bomba lililopasuka hurudi kwao na matope yake, wala hapana aliyemwimbia.

Vijijini hadithi ni ile ile. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliofanya kazi Kenya na Malawi walibuni pampu ya mkono iitwayo Afridev, na visima vya Kwale vilikuwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa. Makusudi yao yalikuwa mema sana: pampu iwe rahisi hata mwanakijiji aweze kuifungua kwa spana moja tu na kubadili vipande vilivyolika, bila ya kumngoja fundi kutoka mbali. Pampu ilikuwa nzuri. Lakini palizuka fikira kwamba, maadamu pampu ni rahisi, kazi ya serikali imekwisha. Kijiji kichague kamati, kikusanye fedha, kijitengenezee.  Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini ulikadiria kwamba kiasi cha theluthi moja ya pampu za mkono katika Afrika kusini ya Sahara hazikuwa zikifanya kazi. Sababu si uvivu wa wanakijiji. Kipande kinachotakiwa ni kidogo, lakini duka la vipuri liko mbali. Aliyefundishwa ufundi amehamia mjini. Mweka hazina ameaga dunia na daftari limepotea. Kamati ya watu wa kujitolea haiwezi kubeba peke yake mzigo ambao serikali yenye wahandisi na magari imeutua.

Dawa ilipotafutwa ilionekana. Katika Kyuso, Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia chombo kidogo ndani ya mpini wa pampu, kikawa chapeleka habari kwa njia ya simu jinsi pampu inavyotumika. Pampu iliponyamaza, fundi alijua, naye alitumwa. Kabla ya jaribio hilo pampu iliyoharibika ilikaa siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Wakati wa jaribio siku hizo zilipungua zikawa chini ya 3. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa Kitui na Kwale na mafundi wa kampuni iitwayo FundiFix, ambao watumiaji huwalipa ada ya kawaida, na pengo huzibwa na mfuko wa amana uliowekwa kwa kazi hiyo. Angalia vema kilichobadilika. Pampu hazikuwa mpya, na visima vilikuwa vile vile. Kilichoongezwa ni mtu mwenye wajibu, habari iliyomfikia kwa wakati, na malipo yaliyopangwa kabla ya kuharibika. Tofauti ya siku 27 na siku 3 ndiyo tofauti ya msichana aliyekwenda mtoni kwa majuma manne na msichana aliyekwenda shuleni.

Wala usidhani kwamba hekima hii ni ngeni kwetu, au kwamba yahitaji simu na mashine. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotumia mikono ya wenyeji zaidi ya matrekta, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umejenga kiasi cha kilomita 8,000. Barabara ilipokwisha kujengwa, haikuachwa yatima. Iligawanywa vipande vya kilomita moja na nusu au mbili, na kila kipande kikakabidhiwa mtu mmoja aliyeishi kando yake, aghalabu mmoja wa wale walioijenga. Alilipwa kwa siku chache za kila mwezi kufyeka majani, kuzibua mitaro na kufukia mashimo. Kila mtu alijua kipande hiki ni cha fulani; na fulani naye alijua kwamba majirani wanajua. Udhaifu wa mpango ule haukuwa katika watu wale. Ulikuwa katika fedha za kuwalipa, ambazo hazikutosha wala hazikufika kwa wakati. Jembe lilikuwapo, mkono ulikuwapo, nia ilikuwapo; ujira ndio uliochelewa.

Kwa nini basi twaijua dawa wala hatuinywi? Sababu ya kwanza ni kwamba mabaraza yetu yamepokonywa na kurudishiwa kazi mara nyingi, hata desturi ya kutunza haikupata kuota mizizi. Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1924. Baada ya uhuru mabaraza ya wilaya yalishika shule za msingi, afya na barabara. Lakini tangu mwanzo wa mwaka 1970 kazi hizo zilihamishiwa serikali kuu, isipokuwa katika manispaa. Mwaka 2013 mabaraza yote 175 yalikoma, na kaunti zikaanza. Kila zamu ilipobadilika, mali iliachwa njiani. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mamlaka iliyopewa kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza ya zamani ilimaliza muda wake mwaka 2016 na kazi hiyo haijakwisha, ikabidi kupokezwa kamati nyingine. Mtu hawezi kukitunza kitu asichojua kuwa anacho.

Sababu ya pili imo katika namna tunavyogawa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yaamuru kwamba, kwa muda wa kati, si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengwe kwa maendeleo. Nia yake ni njema, maana huzuia fedha zote zisiliwe na mishahara na safari. Lakini sheria hiyo haikuweka kiwango kama hicho kwa matunzo ya kila siku. Jembe la mtaro na raba ya pampu aghalabu huandikwa katika matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara, petroli na chai. Na katika kulipigania fungu hilo, mshahara una mwenyewe, petroli ina mwenyewe, na raba ya pampu haina mtetezi.

Sababu ya tatu ni sisi. Uchaguzi huja kila miaka mitano, na mwaka wa uchaguzi twauliza, "Umetujengea nini?" Hatuulizi, "Umetutunzia nini?" Mtaro uliozibuliwa hauonekani, kwa sababu mtu haioni gharika ambayo haikuja. Kiongozi ni mfanyabiashara wa kura: huleta sokoni bidhaa inayonunuliwa. Tukinunua utepe, atatuletea utepe.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, nami sitayakimbia. Wa kwanza atasema kwamba fedha hazitoshi. Hoja hii imejipinga yenyewe. Tajiri aweza kumudu kujenga kitu kimoja mara tatu, maskini hawezi. Kadiri fedha zilivyo chache, ndivyo inavyopasa kuziba ufa mapema.

Wa pili atasema kwamba watu wenyewe ndio waharibifu: huiba nyaya, hutupa taka mitaroni, hukata mabomba. Ni kweli wapo, nao waadhibiwe. Lakini mtaro hujazwa taka zaidi mahali ambapo gari la taka halipiti, na kitu kilichoachwa kimevunjika huwaalika wezi wamalizie kilichobaki. Watu huheshimu kitu kinachotunzwa. Aliyeacha mlango wazi mwaka mzima asishangae kumkuta mbuzi ndani.

Wa tatu ana hoja nzito, nayo yastahili kusikilizwa kwa adabu. Atasema: "Wewe wazungumza habari za kutunza kwa kuwa kwenu mna kitu cha kutunzwa. Sisi hatuna barabara, hatuna zahanati, hatuna hata kisima. Ukizigeuza fedha za kujengea ziwe za kutengenezea, utawapa walio nacho na kutunyima tusio nacho." Msemaji huyu ana haki. Ziko sehemu za nchi hii, hasa kaskazini, zilizosahauliwa kwa miaka mingi, na zinadai deni la halali. Simwambii angoje. Namwambia kwamba uzembe wa matunzo ndio unaomnyang'anya zamu yake. Kila barabara inayojengwa mara ya pili hula fedha za barabara ambayo haijajengwa mara ya kwanza. Na siku kisima chake kitakapofika, je, yatosha kimnyweshe miaka miwili, kisha kimrudishe mtoni akiwa tayari amekwisha kuandikwa katika vitabu vya serikali kuwa mtu mwenye maji? Asiye na kisima huhesabiwa miongoni mwa wenye haja. Mwenye kisima kibovu hahesabiwi popote. Haki ya huyu ndugu ni kupata kitu kitakachodumu.

Basi kinachotakiwa ni nini? Sitaki jambo kubwa. Kwanza, kila kaunti iwe na daftari moja la vitu vyake vyote, kalvati kwa kalvati na pampu kwa pampu, likionyesha kilipo, kilijengwa lini, kilikaguliwa lini, na ni kizima au kibovu. Na daftari hilo likae mahali ambapo mwananchi anaweza kulisoma. Pili, lisiwekwe jiwe la msingi la kitu chochote kabla ya kuonyeshwa fedha za kukitunza mwaka baada ya mwaka, na fungu hilo liandikwe peke yake ili lisimezwe na chai na petroli. Tatu, kila kitu kiwe na mtu wake anayejulikana kwa jina na anayelipwa, kama ilivyokuwa kwa wale watunzaji wa vipande vya barabara. Nne, kibao cha marumaru kibaki, lakini chini ya jina la mheshimiwa liandikwe jina la ofisi yenye wajibu wa kutengeneza, na namba ya simu ya kuipigia. Mkubwa atakayeona haya kuandika maneno hayo chini ya jina lake atakuwa ametueleza mengi.

Mambo haya si ndoto. Katika Kaunti ya Makueni wananchi waliwekwa katika kamati za kusimamia miradi, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati ya mahali pale ikubali kwamba kazi imefanyika. Wakulima na akina mama waliweza kukagua ukuta na kuukataa. Ikiwa wananchi waweza kusimama mlangoni siku ya kumlipa mjenzi, waweza vile vile kusimama mlangoni kila mwaka baada yake.

Nawe kijana unayesoma, usiseme kwamba haya ni mambo ya wazee. Katiba, kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 196 huyataka mabaraza ya kaunti yawashirikishe wananchi katika kazi zao. Mikutano ya bajeti huitishwa, na aghalabu viti vyake huwa vitupu. Darasa moja la wanafunzi, katika alasiri moja, laweza kutembea kilomita mbili kuizunguka shule na kuandika kila mtaro ulioziba, kila taa iliyozimika na kila mfereji unaovuja, na kuipeleka orodha hiyo, kwa heshima na kwa maandishi, katika ofisi ya wadi. Baada ya mwezi mmoja litembee tena na orodha ile ile mkononi. Nakuahidi kwamba orodha ya pili itaogopwa kuliko ya kwanza, maana ya kwanza yaonyesha kwamba mmeona, na ya pili yaonyesha kwamba hamkusahau.

Karibu utafikisha umri wa kupiga kura, na watu watakuja kwenu wakiwa na ramani na ahadi. Wasikilizeni, kwani nchi hii ingali na mengi ya kujengwa. Kisha yupo atakayeinua mkono na kuuliza: "Na vile vya zamani, vi hali gani?" Ajibuye kwa kutaja hesabu na majina ya mahali, huyo mpimeni pamoja na wenzake. Ajibuye kwa kuwachekesha watu, mmekwisha kumjua. Swali hili halina gharama, nalo laweza kuulizwa na mtu yeyote. Liulizeni kila mara, mpaka wakubwa wazoee kuja na majibu yake.